Uyoga wa kichuguu na ule unaofanana nao: maswali yenu

Jirani anasema ukipika uyoga na sarafu au kitunguu, visipobadilika rangi basi ni salama. (Arua)

Si kweli. Sumu inayoua, amatoksini, haibadilishi rangi ya sarafu wala kitunguu. Haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Msitazame konokono pia. Anakula uyoga unaomuua binadamu.

Nimewaletea picha ya uyoga mweupe wa shambani. Unaliwa? (Masaka)

Kila mvua zikianza tunaletewa picha kama hii, kofia tu, imepigwa kutoka juu. Kofia haitoshi! Chimbua uyoga mzima, upindue, useme umeota wapi. Kwa sasa usiule.

Nitautofautishaje uyoga wa kichuguu na ule mweupe wa kwenye nyasi? (Mbarara)

Anzia chini. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama mpaka kwenye kiota cha mchwa. Fukua taratibu, ukiuvuta, mzizi hukatika ukabaki ardhini, nawe umepoteza alama muhimu kuliko zote. Mara nyingi kofia ina ncha katikati.

Ule wa nyasi hauna mzizi huo. Shina limevimba chini, lina pete inayoweza kusogezwa, na kofia ina magamba ya kahawia. Ukiwa mchanga, matamvua ya chini ya kofia ni meupe, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukikomaa huwa ya kijani-kijivu. Kama una shaka, kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe matamvua yakitazama chini, funika kwa bakuli usiku kucha. Unga ulioanguka kwenye karatasi ukiwa wa kijani, tupa. Unga wa waridi ni wa uyoga wa kichuguu, lakini upo pia uyoga wenye sumu wenye unga wa waridi, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Na ukikuta mfuko kama ganda la yai lililopasuka kwenye kitako cha shina, usiutie kikapuni kabisa.

Obubaala, ule uyoga mdogo wa kichuguu, hauna mzizi mrefu. Ni sumu? (Mukono)

Hapana. Huota kwenye mabaki ya kiota ambayo mchwa wameyatoa nje. Huwa mingi sana pamoja, kofia kama sentimita 2. Kimoja kimoja kilichojitenga, kiache.

Tulikula mchana, tukaanza kutapika na kuharisha usiku wa manane. Leo tuna nafuu. Twende hospitali? (Gulu)

Nendeni sasa hivi. Uyoga wa nyasi kwa kawaida hutapisha ndani ya saa 1 hadi 3. Dalili zinazoanza baada ya saa 6 ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu ndivyo amatoksini inavyofanya: mgonjwa hupata nafuu siku ya pili huku ini likiendelea kuharibika. Bebeni mabaki ya uyoga kwenye karatasi, si kwenye kavera (mfuko wa plastiki), yasioze. Waende wote waliokula, hata asiyeumwa.