Gametosaiti za kiume zinapogoma kutoa mikia

Pole sana, mdogo wangu. Umesema gametosaiti zako (seli zinazogeuka kuwa gameti, yaani seli za uzazi) za kimelea cha malaria Plasmodium falciparum zimekomaa, lakini wiki ya tatu sasa hakuna ya kiume inayotoa mikia chini ya darubini. Mimi ningeanza na jotoridi.

Kimelea kikifika tumboni mwa mbu hupoa kwa nyuzi 5 au zaidi na kukutana na asidi ya zanthureniki, kemikali iliyomo mwilini mwa mbu. Hapo cGMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli, huongezeka, kimeng'enya PKG huamka, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na kimeng'enya kingine, CDPK4, huruhusu DNA inakiliwe mara 3. Baada ya dakika kama 15 hadi 20, gameti 8 huchomoka zikichapa mikia hadi chembe za damu za jirani zinatikisika. Ukiona mara moja hutasahau.

Sasa, ukiacha chupa juu ya meza baridi, mnyororo huo unaanza na kuisha kabla hujakaa kwenye darubini. Nilipoteza mwezi mzima hivyo! Pasha pipeti, mirija na hata slaidi hadi nyuzi 37. Poza tone utakalolitazama tu, ndipo uanze kuhesabu dakika. Paka rangi ya Giemsa pia uhakikishe ni hatua ya V, yaani ya mwisho ya ukomavu. pH ya kimiminika iwe karibu 8.

Zikigoma bado, huenda ni kwa sababu vimelea vilivyokuzwa maabara muda mrefu huweza kupoteza uwezo huu. Mwombe msimamizi wako stoki ya awali iliyogandishwa.

Na ukijichoma kwa sindano yenye damu hiyo, usisubiri homa: toa taarifa, nenda hospitali siku hiyohiyo.