Kabla hujamlaza mzee kwenye mashine

Mshiriki wangu wa kwanza katika utafiti wa maumivu ya wazee, tuliowapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI, alikuwa mama wa miaka 74, mgongo ukimsumbua tangu kabla hajastaafu. Dakika ya 38 akaminya kipira cha kuita. Nikakimbia nikidhani amebanwa na hofu mle ndani. Kumbe kabanwa na mkojo. Asubuhi alikuwa amemeza kidonge chake cha presha, kile cha kupunguza maji mwilini, na alipofika, mimi kwa adabu za nyumbani Tanga nikamkaribisha chai. Tukakosa picha za mwisho, ambazo ndizo mradi ulizihitaji kuliko zote. Jioni profesa akaniuliza chai ile ilikuwa ya majani ya kawaida au ya mchaichai. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania: kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo, na damu ndiyo tunayoipiga picha.

Nilifanya postidoki, yaani kazi ya utafiti baada ya uzamivu, miaka minne Florida, jimbo wanalohamia wastaafu wengi wa Marekani kufuata joto, kwa hiyo wazee wa kuwaomba hawakukosekana. Nawaandikia wadogo zangu wanaomaliza uzamivu na kupata nafasi ya namna hii, iwe huko, iwe Uingereza au Ujerumani.

Kuna jambo ambalo kila mtu analijua siku ya kwanza na kulisahau siku ya tatu. Mashine ya MRI haioni chembe za neva zikifanya kazi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwa panya kwamba damu iliyokwisha kutoa oksijeni inavuruga uga wa sumaku kidogo, na ile yenye oksijeni haivurugi. Eneo la ubongo likifanya kazi linaletewa damu mpya nyingi kuliko mahitaji yake, na ishara inapanda, kilele chake kikifika baada ya sekunde tano hivi. Picha zote za rangi nyekundu na njano unazoziona kwenye majarida zimesimama juu ya habari hiyo ya damu. Sasa mchukue mzee mwenye presha, sukari na mishipa iliyokakamaa kwa miaka 40. Bomba lenyewe limebadilika. Ishara ikiwa ndogo, utajuaje kama ubongo wake umefanya kazi kidogo au mishipa yake imechelewa kufunguka?

Mimi sikujiuliza. Miezi minane ya mwanzo nililinganisha wazee wenye maumivu ya magoti na wenzao wasio na maumivu, nikaona kundi la kwanza insula yao, sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu, inaitika kwa unyonge. Nikafurahi, nikatengeneza slaidi, hata kichwa cha makala nikawa nacho. Kwenye kikao cha maabara dada mmoja anayetunza kumbukumbu akauliza swali la kizembe kabisa: kila kundi lina watu wangapi wanaotumia dawa za presha? Nilipohesabu, wenye maumivu walikuwa wengi zaidi. Tena hao hao ndio waliotikisa kichwa zaidi, maana mtu anayeumia hawezi kutulia. Nilipoviondoa viwili hivyo kwenye hesabu, tofauti yangu ikayeyuka. Slaidi zile ninazo mpaka leo.

Tangu siku hiyo ninamwambia mzee aje na mfuko wake wote wa dawa, asiniorodheshee kwa kumbukumbu. Ndani ya mfuko utakuta tramadol, dawa kali ya maumivu, aliyoisahau, dawa ya usingizi ya jirani, na plasta ya dawa aliyobandika begani, na baadhi ya plasta hizo zina utando wa metali upande wa nje na zinaweza kumuunguza ndani ya mashine. Pia tenga dakika chache za kuwaomba wabane pumzi sekunde 15 hivi na kuachia, mara kadhaa. Kaboni dioksidi ikipanda mishipa hufunguka, nawe unapata kipimo cha jinsi mishipa ya mtu huyo inavyoitika bila kuhusisha fikra wala maumivu. Wengi huliruka zoezi hili kuokoa muda. Mimi ningeacha kitu kingine chochote kabla ya hilo.

Mambo ya mwili wa uzee hayaandikwi kwenye sehemu ya mbinu za makala. Kifaa cha kusikia kinavuliwa mlangoni, kwa hiyo maelekezo yako yote kupitia spika hayafiki. Mweleze kila kitu kabla, uso kwa uso, na mkubaliane ishara za mkono. Miwani ya kawaida yenye chuma haiingii, na ukimwonyesha mizani ya maumivu kwenye kioo atabonyeza ovyo. Tafuta ile ya plastiki yenye lenzi za kubadilisha, uijaribu naye nje. Aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea au kusaga chuma, muulize kuhusu vipande vilivyoingia machoni hata kama ni miaka 50 iliyopita. Nyonga bandia mara nyingi haina shida, lakini anayeamua hilo ni mtu wa usalama wa mashine baada ya kuona kadi yake. Si wewe. Mto chini ya magoti humpunguzia mgongo mzigo. Choo mara mbili, ya pili hata akisema hana haja. Na akitoka, mkalishe kwanza: mtu wa miaka 80 aliyelala saa nzima akisimama ghafla anaona giza.

Halafu kuna wale ambao hawatafika kabisa. Mwenye maumivu makali kuliko wote hawezi kulala chali dakika 50. Basi kundi lako la “maumivu sugu” ni la wale walioweza kulala, wenye usafiri, wenye mtoto wa kuwaleta. Liandike hilo kwa herufi zinazosomeka.

Makala mbili zisome mapema, zote mbili, kwa mpangilio. Mwaka 2004 kundi la Vania Apkarian kule Chicago lilipima watu 26 wenye maumivu sugu ya mgongo na kukuta tabaka la kijivu la ubongo limepungua, kiasi kinacholingana na upungufu wa miaka 10 hadi 20 ya kuzeeka kwa kawaida. Habari ile ilienea kwa tafsiri moja: maumivu yanakula ubongo. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg wakawafuatilia wagonjwa wa nyonga iliyosagika. Kabla ya upasuaji walikuta upungufu kama ule. Baada ya nyonga kubadilishwa na maumivu kuisha, sehemu ya kile kilichopungua ikarejea. Kitu kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo nini hasa kilipungua? Maji? Damu? Matumizi? Ukikaa na swali hilo wiki mbili utakuwa umejifunza zaidi kuliko kwenye kozi yoyote. Na kwa anayechunguza wazee lina ncha ya pili: uzee nao unapunguza tabaka hilo hilo, mara nyingi sehemu zile zile za mbele. Kiolezo tunachotumia kunyoosha ubongo wa kila mtu ufanane, kile cha Montreal, kilitokana na watu 152 ambao wengi walikuwa vijana. Ubongo wa mzee wenye matundu ya majimaji yaliyopanuka ukilazimishwa kuingia humo unakunjika vibaya. Fungua picha moja moja kwa macho yako. Programu haitakwambia.

Kuhusu takwimu nitapita haraka, kwa kuwa mtazisikia sana. Kuna samaki samoni aliyekufa, aliyewekwa kwenye mashine na kuonyeshwa picha za watu: usiposahihisha hesabu kwa kuwa umepima maelfu ya sehemu kwa mpigo, ubongo wake unaonekana “ukifikiri.” Kazi hiyo ilipata Ig Nobel, tuzo ya utani ya sayansi, mwaka 2012. Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data moja, na hakuna mbili zilizofuata njia ile ile ya uchambuzi. Mwaka 2022 ikaonyeshwa kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tabia za watu kwa ujumla kunahitaji maelfu ya washiriki. Wewe utakuwa na 60. Fanya basi kile ambacho 60 wanaweza: mpime mtu yule yule mara kadhaa, kabla na baada ya tiba. Maswali ya maelfu yapeleke UK Biobank, hazina kubwa ya data za afya ya Uingereza.

Sasa maneno. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilipofanya upya fasili yake mwaka 2020 kiliongeza maelezo kwamba kauli ya mtu kuhusu maumivu yake iheshimiwe. Maabara hufupisha kauli hiyo kuwa namba kati ya 0 na 10. Nilikutana na wazee wengi waliosema “mbili” huku wakishika ukuta kwenda chooni. Ukiwauliza wanajibu wameshazoea. Acha kuuliza “kinauma kiasi gani,” uliza ameacha kufanya nini. Mmoja aliniambia ameacha kumbeba mjukuu. Na ukirudi kufanya kazi hii kwetu, usitafsiri dodoso la Kiingereza ukadhani umemaliza: kichwa kinawanga, kidonda kinapwita, goti linavuta, mgongo unachoma, na mzee anajua tofauti zake. Kaa na bibi zako kwanza na daftari.

Fedha: miaka niliyokuwa huko, ruzuku ya postidoki iitwayo F32, ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ilikuwa ya raia na wenye kadi ya kijani, lakini K99/R00, ile ya kukuvusha kutoka postidoki hadi maabara yako mwenyewe, ilikuwa wazi hata kwa sisi wa viza. Niliambiwa hivyo mwaka wa tatu, kwa bahati, kwenye foleni ya chakula. Usimsubiri mtu akwambie. Na jina la kwanza kwenye makala mlipange na profesa kabla data haijaanza kukusanywa, kwa barua pepe, hata kama ni mtu mwema. Wa kwangu alikuwa mwema, na bado tulisahau tulichokubaliana.

La mwisho lilininyima usingizi. Ukipiga picha za ubongo wa wazee, siku moja utaona kitu ambacho hukukitafuta: uvimbe, mshipa uliotuna, kovu la kiharusi ambacho mwenyewe hakukijua. Wewe si daktari wa picha. Mzee atakuuliza mlangoni, “Vipi, uko salama?” na uso wako utajibu kabla ya mdomo. Kwa hiyo wiki ya kwanza ulizia nani anazisoma picha hizo, kwa siku ngapi, na nani anampigia simu mshiriki. Ukikuta hakuna anayejua, usimlaze mtu yeyote.