Baba anayajua masharti ya miguu, lakini hayafuati

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 64 na amekuwa na kisukari kwa muda mrefu. Hakosi kliniki, na ukimuuliza masharti ya kutunza miguu atakutajia yote. Hata hivyo, nyumbani hutembea pekupeku, huchonga sugu za nyayo kwa wembe, na jioni hukanda miguu kwa maji ya moto ili kupunguza ganzi. Tukimkumbusha hujibu kwamba miguu haimuumi. Je, huu ni ukaidi?
Binti, Mbagala

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hilo jibu la baba kwamba miguu haimuumi ni dalili ya ugonjwa wenyewe, na ningependa familia ilichukulie hivyo. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika miguuni. Mtu mzima wa afya huvua kiatu kinachombana au huondoa mguu kwenye maji yanayounguza kwa sababu anaumia, lakini mzee wako anatakiwa kujikinga na hatari asiyoihisi, kila siku, kwa maisha yake yote. Sishangai kwamba anashindwa, na kumrudia mawaidha anayoyajua tayari hakutamsaidia.

Hatari yenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2005, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari wa hapa Dar es Salaam walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, bila kuhisi. Kwa hiyo chumba anacholala baba kizibwe matundu, na mabaki ya chakula yasilale humo.

Katika masharti yote, naona kuosha miguu ndiko watu hukufuata kwa urahisi, kwa kuwa wamekuzoea tangu utotoni. Kukagua nyayo ndiko kunakoachwa. Mzee ambaye magoti yake yamekakamaa na macho yake yamepungua nguvu, pengine kwa kisukari hichohicho, atauonaje unyayo wake mwenyewe? Sharti hili amepewa yeye, lakini mtekelezaji wake ni mtu mwingine wa nyumbani. Mwombeni kwa heshima akubali mmoja wenu amkague kila jioni, penye mwanga wa kutosha, katika nyayo, visigino na katikati ya vidole, akitafuta malengelenge, michubuko, wekundu, uvimbe au joto lisilo la kawaida.

Kutembea pekupeku ndani ya nyumba ni desturi yetu, na si rahisi kumwambia mzee aingie sebuleni na viatu vya barabarani. Mnunulieni viatu vya ndani peke yake, vipana na vilivyofunika vidole, vikae kando ya kitanda chake. Mnunue alasiri, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kabla ya kuvaa mtu apitishe mkono ndani kutafuta kijiwe au msumari.

Wembe na maji ya moto viachwe leo. Sugu ipunguzwe na mtaalamu kliniki, mahali ambapo pia anapaswa kupimwa hisia za nyayo, kwa uzi maalumu wa nailoni, angalau mara moja kwa mwaka, na kwa mwenye ganzi kama yeye, mara nyingi zaidi. Mkiona kidonda, hata kidogo kisichouma, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msipake dawa ya meno wala unga wa miti.

SWALI: Daktari, nina kisukari na ninatawadha mara tano kwa siku. Kliniki nimeambiwa nisiloweke miguu. Nifanyeje?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Kuosha kwa udhu hakuna tatizo, kwani kilichokatazwa ni kuiacha miguu majini kwa muda mrefu. Tatizo huanza pale maji yanapobaki katikati ya vidole, ngozi ikalainika, ikapasuka na kuota fangasi. Beba kitambaa kidogo safi cha pamba na ukaushe kila mwanya wa kidole kabla ya kuvaa, jambo ambalo halitengui udhu. Mafuta pakaa juu ya mguu na kisiginoni, usipake katikati ya vidole. Ukiswali msikitini, vaa soksi safi, na ukitoka uangalie unapokanyaga kabla hujafikia viatu vyako.