Baridi haikunifanya kitu, joto ndilo lililoniunguza

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia. Vidole vya miguu vimemvimba, vyekundu vinavyoelekea zambarau, vinawasha mno hasa akishajifunika blanketi. Ana kisukari, mwaka wa sita huu. Swali lake: aitumbukize miguu kwenye beseni la maji ya moto, au aisugue kwanza? Dada yangu, usifanye hilo wala lile. Kaa nikusimulie.

Nami viliniwasha hivyo hivyo, miaka minne iliyopita. Haikuwa baridi ya barafu, ni ile yenye unyevunyevu, soksi hazikauki. Mishipa midogo ya damu husinyaa kwa baridi. Ukiipasha moto ghafla, damu inarudi kwa fujo, maji yanavuja kwenye nyama, panavimba. Kwa mtu mwenye afya huisha vyenyewe kwa wiki mbili tatu. Nami nikajihesabu miongoni mwa wenye afya! Sukari nilikuwa naipima nikikumbuka.

Usiku ule miguu ilikuwa kama imelowekwa kisimani. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, nikaikanyaga chini ya blanketi. Sikusikia joto. Nikaona labda maji yamepoa, nikaibana kwa nyayo zote mbili, nikalala fofofo. Asubuhi soksi ya kulia imelowa. Nikasema chupa imevuja. Nikaigeuza, nikaiminya: nzima. Kuvua soksi, ngozi ya chini ya kidole gumba ikabaki humo. Lengelenge lilikuwa limepasuka usiku na sikusikia hata kama nimefinywa.

Kidonda kile kilinila wiki 11. Siku ya kwanza muuguzi alinifunga bandeji akasema mbele ya foleni nzima, "Nyie watu wa sukari hamsikii." Nimeshamsamehe, nadhani. Lakini alisema kweli kuliko alivyojua. Daktari alinifumbisha macho akanigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, mahali kumi, nilisikia manne. Kisha akaniwekea mgongo wa kiganja mguuni: "Mbona una joto?" Ile baridi yote ilikuwa ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, inaleta habari za uongo. Wengine baridi yao ni ya kweli, damu haifiki kwa sababu mishipa mikubwa imeziba. Ndiyo maana alinitafuta na mapigo juu ya mguu. Huwezi kujua uko upande gani ukiwa kitandani na chupa yako.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: moto usikaribie miguu yako. Si chupa, si hita, si beseni. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, kwa sababu mguu ni shahidi wa uongo. Vaa soksi za sufu zisizobana kabla hujapata baridi, siyo baada. Usivae mbili ndani ya kiatu kinachobana, unaikaba damu ile ile unayoitafuta. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo, na katikati ya vidole. Mafuta paka kote isipokuwa hapo katikati. Sigara acha, inasinyaza mishipa. Na moto, nimesema, usikaribie. Watu mnanunua vipimo vya sukari vya kisasa halafu wiki nzima inapita hamjautazama unyayo wenu! Mnaona aibu gani kwa mguu wenu wenyewe?

Sasa dada, mwishoni uliandika kama jambo dogo kwamba kidole cha mwisho kimeanza kuchanika pembeni na kinatoa majimaji. Hapo ushauri wangu umeishia. Usikikune, usikipake kitu, nenda hospitali leo, siyo Jumatatu. Na ukifika vua soksi zote mbili, hata wakikuambia mmoja unatosha.