Mkuu, usilipe hata senti kabla hujajua chini ya huo uchochoro kuna nini

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba uchochoro wa nyuma ya nyumba yako huko Texas umeota majani, gari la taka halipiti tena, jirani wako tayari kusaini, na dalali kakuhakikishia jiji likiufuta, yaani usiwe tena njia ya umma, ardhi inakuwa yako kama uwanja wako mwingine. Jumatatu unapeleka maombi na hundi. Unauliza utaratibu, muda, gharama, kodi, na kama gereji inaweza kusogea hadi huko. Naanza na gereji, maana ndiyo iliyoniumiza.

Mimi nami niko Texas, jiji jingine, mtaa wa zamani wenye vichochoro vya futi 15. Njia ikifutwa, kwa kawaida inagawanywa katikati, kila upande unachukua nusu. Kwangu zilikuwa futi 7 na nusu. Kiwanja kilikuwa kifupi, na hizo futi ndizo zingefanya gereji ya magari mawili ienee. Dalali wangu alinipa maneno yale yale aliyokupa wako, neno kwa neno, hadi moyo umenishtuka kuyasoma. Akaongeza: piga 811, namba ya kuwaita waje wachore kwa rangi mabomba na nyaya zinapopita chini kabla hujachimba, ni bure, wakishapita kuchora alama uko salama, jenga.

Nikapiga. Wakaja, wakapulizia rangi: njano ya gesi, nyekundu ya umeme, chungwa ya simu, zote upande wa jirani. Kijani, ambayo ndiyo ya maji taka, haikuwepo hata tone. Nikaamini bomba halipo.

Hapo ndipo nilipopotea, na naomba ulisome hili mara mbili. Sheria ya Texas haiwalazimishi wenye mabomba ya maji na maji taka kuwa kwenye mfumo wa 811. Majiji mengine yamo kwa hiari, mengine hayamo. Langu halikuwamo. Kwa hiyo ukimya wa rangi ya kijani haukuwa na maana yoyote, na yule dalali, mtu aliyekula kamisheni yangu miaka yote hiyo, hakujua au hakujali.

Baraza la jiji likapitisha. Nilikuwa nimekaa ukumbini na wanangu, tumevaa vizuri. Sheria ndogo iliyopitishwa ilikuwa na kurasa kadhaa, na kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na aya moja: jiji linaiachia njia, lakini linabaki na haki ya kupitisha na kutengeneza mabomba na nyaya kwa upana wote wa uchochoro, na hakuna jengo litakalosimama juu yake. Niliipita kwa macho tu, nikasaini, nikalipa.

Fundi naye akasema tupange mbao za kumwagia zege la msingi, kibali kitafuata. Nondo zikafungwa, zege likaagizwa lije Ijumaa saa 12 asubuhi. Alhamisi jioni choo cha jirani kikaanza kurudisha maji. Akaja mzee mmoja wa idara ya maji na fimbo ya chuma, akawa anachoma choma majani, hatua kwa hatua, mpaka fimbo ikalia kang! Akafukua kwa mkono. Mfuniko wa chemba, mpana kama sinia la pilau, umezikwa futi moja. Akatafuta wa pili mwisho wa uchochoro, kisha akapuliza mstari wa kijani toka chemba hadi chemba. Ukapita pembeni kabisa mwa mbao zangu. Akanitazama, akanyoosha kidole katikati ya nondo, akasema kwa upole: "Tukichimba, tunafika pale."

Tuliokulia Dar tunaijua ile X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Mwili wangu uliijua siku ile kabla ya akili.

Nikijumlisha bei ya ardhi, mpima, mthamini, malipo ya awali ya fundi na zege lililoghairiwa, zilienda zaidi ya dola 19,000. Kila mwaka nalipa kodi ya nyasi ambazo siwezi kuziwekea hata kibanda. Nilipompigia dalali alinijibu, "Mimi si mwanasheria." Basi asingeongea kama mwanasheria!

Kwa hiyo, mkuu, chini kwanza. Kabla ya hundi yoyote nenda mwenyewe idara ya maji ya jiji, uombe ramani ya mabomba ya maji, maji taka na maji ya mvua ya uchochoro huo. Usikubali jibu la simu, rudi na karatasi. Kisha omba kuona rasimu ya sheria ndogo wakati bado unaweza kujitoa, utafute aya inayosema jiji linabakiza nini na kwa upana gani. Bomba likiwepo, huo ndio muda wa kujadiliana: waombe wapunguze upana wanaobakiza, au wakuambie kulihamisha kutakugharimu kiasi gani, na mthamini ahesabu kwamba unanunua ardhi usiyoweza kujengea. Baraza likishapiga kura huna tena la kujadili.

Utaratibu wenyewe: maombi na ada, saini za wote wanaopakana, ramani ya mpima, faili linazunguka idara za jiji na kampuni za gesi, umeme na simu, tathmini, kura ya baraza, halafu hati inasajiliwa kaunti. Kifungu cha 272.001 cha sheria ya serikali za mitaa kinaruhusu jiji kuwauzia wanaopakana bila mnada.

Na anayekushauri uzungushie fensi tu miaka 10 ipite, usimsikilize. Texas huwezi kujipatia njia ya umma kwa kuikalia, hata ukiikalia uzeeni.

Leo jioni kabla giza halijaingia, chukua chepeo na fimbo ya chuma, utembee huo uchochoro mwanzo hadi mwisho. Ukisikia chuma, fukua, piga picha, uiweke hapa. Nitakuwa macho.