Mwanangu, kufundisha si kushindwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeombwa uwafundishe wadakaji chipukizi wa timu ya besiboli ya chuo, na unaniuliza: "Mama, nikikubali, si nitakuwa nimekiri kwamba kucheza kumenishinda?" Hapana, mwanangu.

Mtazame Bruce Bochy. Alidaka kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani kati ya 1978 na 1987, akazichezea Houston, New York na San Diego. Misimu tisa, lakini mechi zake zote ni 358, na msimu mmoja tu wa timu una mechi 162. Piga hesabu uone alivyosugua benchi.

Lakini mdakaji, na hili unalijua kuliko mimi, ndiye anayechuchumaa akiwa na uwanja wote mbele ya macho yake. Anaficha vidole katikati ya mapaja, anamwonyesha mrushaji kwa ishara aina ya mpira wa kurusha. Mkono wa mrushaji ukianza kuchoka, yeye anausikia kwenye glavu kabla ya kocha kuuona.

Bochy alianza ukocha ligi za chini mwaka 1989, akakabidhiwa San Diego 1995. Baadaye akaenda San Francisco, akatwaa ubingwa 2010, 2012 na 2014. Ule wa 2014 ndio hasa naupenda. Mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, ugenini Kansas City, akamwingiza mrushaji Madison Bumgarner, aliyekuwa amerusha mechi nzima siku tatu tu kabla. Warushaji wanaoanza mechi kama yeye huachwa wapumzike zaidi ya hapo. Bumgarner akarusha vipindi vitano bila kuruhusu pointi hata moja, wakashinda 3-2. Mimi naamini uamuzi ule ulitoka kwa mtu aliyewahi kuidaka mipira ya watu waliochoka.

Mwaka 2019 akastaafu. Rangers wetu hapa Texas wakamfuata, na 2023, akiwa na miaka 68, akawapa ubingwa wao wa kwanza kabisa. Vigelegele vya siku ile unavikumbuka.

Najua kuacha kucheza kunauma. Lia ukitaka kulia, wala usione haya. Ila usikatae kazi hii kwa sababu ya watu watakavyosema. Kama moyo wako hauipendi, hilo ni jambo jingine, nipigie tuzungumze. Na hilo goti lipeleke kwa daktari kabla msimu haujaanza.

Baba anakusalimu sana.

Mama yako