Taa za dashibodi zikiwaka zote kwa mpigo, anza na betri na athi

Taa ya injini, ya ABS (inayozuia magurudumu kujifunga ukishika breki), ya VSC (inayozuia gari kuteleza) na ya usukani zikiwaka kwa mpigo ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, usikimbilie Kariakoo kununua spea. Ni nadra vifaa vinne kufa dakika moja. Mara nyingi kuna kitu kimoja ambacho vyote vinakitegemea, na hicho ndicho cha kutafuta. Nimeshaona watu wakimaliza akiba yao kwa sensa, moja baada ya nyingine, na taa bado zinawaka. Inauma.

Gari la kisasa lina kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani, ya eabegi. Zote zinakula umeme wa betri moja, unaorudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi na waya wa athi, na nyingi zinazungumza kupitia nyaya mbili za mtandao uitwao CAN. Umeme ukipungua, kila kompyuta inaandika malalamiko yake, na skana, kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, inakuletea orodha ndefu ya kutisha.

Orodha hiyo ina mpangilio. Msimbo unaoanza na P ni wa injini na gia, C ni breki na usukani, B ni vitu vya bodi kama eabegi, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Ukiona P0562, umeme uko chini. Anza hapo kabla ya kugusa kingine. Ukiona U0100, maana yake kompyuta nyingine haiipati ile ya injini, wala si lazima ya injini iwe imekufa. Kuna pia misimbo ya kufuatia tu. Kwenye Toyota nyingi utakuta C1201 upande wa breki, na kinachosemwa pale ni kwamba injini ina tatizo, kwa hiyo VSC imezimwa. Koili moja ya plagi ikifa, unaweza kuona taa ya injini na ya VSC pamoja, na breki zako ni nzima kabisa. Subaru nao wana tabia kama hiyo.

Kwa hiyo, kabla fundi hajafuta chochote, piga picha ya kila ukurasa wa skana. Muulize ipi ni hitilafu ya sasa na ipi ni ya zamani, na afungue kumbukumbu ya hali ya gari wakati msimbo unaingia: spidi, mizunguko ya injini, joto. Akifuta kwanza, ushahidi huo umeondoka. Jua pia kwamba vile visoma-msimbo vya bei nafuu vya Bluetooth vingi vinasoma injini tu. ABS na eabegi havifiki.

Masika moja Mark X ya dada yangu iliwasha taa karibu zote, usukani ukawa mzito. Gereji ya kwanza ilimwambia anunue kontroli boksi ya ABS. Tukampelekea fundi umeme mmoja Sinza, na yeye alianza na mita, skana akaiacha pembeni. Gari likiwa limezimwa, betri ilisoma volti 12.5. Likiwaka, 14.1. Betri nzima, alteneta nzima. Kisha akawasha taa kubwa na AC, akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Pale inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya volti moja. Akafuata waya wa athi hadi mwisho wake: nati ilikuwa imekaza vizuri kwa macho, lakini chini ya kishikio kulikuwa na unga wa kijani, na nyuzi za shaba zimeanza kukatika. Akaweka waya mpya, akapiga msasa kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, akafuta misimbo. Taa zilizima na hazikurudi. Boksi ya ABS ingekuwa hela ya bure.

Dar inaonea sana viungio vya namna hii. Hewa ya bahari, joto linalochosha betri, na maji ya barabarani mvua ikinyesha, yote yanaishia kwenye nati na soketi. Kama uliwahi kuvuka maji Jangwani, mwambie fundi mapema, maana soketi za chini ya zulia huanza kuota kutu baadaye.

Umeme ukiwa safi na misimbo ya U bado ipo, fundi achomoe betri apime pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana. Magari mengi ya CAN yatasoma karibu omu 60. Akipata 120, kuna upande umekatika. Akikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Mimi namwamini fundi mwenye mita anayepima kuliko mwenye skana ya gharama anayesoma na kukuandikia spea.

Mambo mawili hayangoji. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama na uzime gari. Taa ya injini ikiwa inapepesa huku gari linamisi, usiendelee kulikanyaga, utaunguza kichujio cha moshi. Na soketi za njano ni za eabegi: asizipime mtu kwa mita ya omu, eabegi inaweza kulipuka.